Bunia–Kisangani: ndege inatumia masaa ngapi?

Kisangani iko mbali gani na Bunia? Kwa ndege, ukipima moja kwa moja kutoka uwanja wa Bunia mpaka ule wa Bangoka, ni karibu kilometa 555. Kwa barabara inayopita Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende, ni karibu kilometa 700.

Muda wa kuwa angani unategemea aina ya ndege. Ndege ya jeti inatumia karibu saa moja. Ile ya propela, yenye kwenda kilometa 500 kwa saa, inatumia kama saa moja na dakika 20. Ndege ndogo ya injini moja inaweza kumaliza masaa mawili. Kama inapitia kwanza mji mwingine, hesabu inabadilika.

Kwa mwenye kupeleka mgonjwa, hesabu hiyo peke yake haitoshi. Kuko muda wa kufika uwanjani mapema, kupimisha mizigo, na pengine kungoja mvua ipite. Bangoka nayo iko karibu kilometa 17 nje ya mji.

Bunia na Kisangani wana saa moja ileile. Lakini mwenye kuendelea mpaka Kinshasa arudishe saa yake nyuma: saa nne ya Bunia ni saa tatu ya Kinshasa. Kwenye tiketi, saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka; ya kufika ni ya mji unaokwenda.