Trakta Kuukuu na Mashine ya Kukata Majani

Trakta ya Ferguson TE20, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1946 hata 1956, ingali yafanya kazi katika mashamba kadhaa ya Ulaya. Mwenye kuitumia kukatia majani ya ng'ombe na achague mashine kwa busara. Ile yenye ngoma za chuma zizungukazo hukata upesi, lakini ni nzito, nayo yataka nguvu nyingi. Tena mwendeshaji akikanyaga klachi, mzunguko wake waweza kuisukuma trakta mbele, ijapo yeye ataka kusimama. Ile ya visu viendavyo na kurudi kama mkasi yatosheka na nguvu kidogo, mradi visu vinolewe mara kwa mara. Majani yakikwama, injini izimwe kwanza. Nyasi hungoja; mkono uliokatika haurudi.