Fuma, Rudia, Fumua: Kusoma Maelekezo ya Kroshia Yasiyo Wazi

Kitenzi "fuma" humaanisha kuunganisha nyuzi hadi zitoe kitambaa au vazi. Katika kroshia, kazi hiyo hufanywa kwa sindano moja yenye kulabu, ambayo huvuta uzi ndani ya kitanzi ili kipatikane kingine. Kinyume chake ni "fumua", kwa kauli ileile ya kutendua inayoonekana katika "funga" na "fungua".

Lushoto, katika Milima ya Usambara, asubuhi za Juni na Julai huhitaji sweta. Mfumaji wa huko akiyasoma vibaya maelekezo, hulipa kwa uzi na kwa siku zake: mkono wa sweta ya mtoto hutoka mfupi, na kazi yote hufumuliwa. Mara nyingi chanzo cha kosa ni lugha, na maeneo matatu huhitaji uangalifu.

Rudia na fanya. Maelekezo husema: "*Fuma mafundo 5, ruka tundu 1, rudia kutoka * mara 3." Kwa maana yake halisi, "rudia" ni kutenda tena jambo lililokwisha kutendwa, basi fungu hilo hufumwa mara 4 kwa jumla. Hata hivyo, waandishi wengine hukusudia mara 3 tu. Mwamuzi ni hesabu ya mwisho wa safu: ikiandikwa mafundo 20, ni mara 4, ikiandikwa 15, ni mara 3. Mwandishi makini huandika "rudia mara 3 zaidi" au "fanya mara 4 kwa jumla".

Mawili na mawili mawili. "Katika matundu 2 yanayofuata, fuma mafundo mawili" huweza kuleta mafundo 2 au 4. Kiswahili kina tiba yake: takriri. "Fuma mafundo mawili mawili" humaanisha mawili kwa kila tundu, yaani 4. Tarakimu haziwezi kubeba maana hiyo, kwa hiyo hapa inafaa kuandika kwa maneno.

Jina moja, mafundo mawili. Maelekezo ya Kiingereza yana mifumo miwili ya majina. Fundo ambalo Wamarekani huliita la "moja", Waingereza huliita la "mbili". Na la "mbili" la Marekani ni la "tatu" la Uingereza. Fundo la "moja" likitajwa, maelekezo kwa kawaida ni ya Kimarekani. Lisipotajwa, zitazamwe cheni za kugeuzia mwanzoni mwa safu: kwa kawaida cheni 1 huendana na fundo fupi, cheni 3 na fundo refu.

Mfasiri asiishie kutafsiri jina, aeleze tendo. Fundo fupi: ingiza sindano tunduni, vuta uzi upate vitanzi 2, kisha vuta uzi kupitia vyote. Fundo refu: zungusha uzi kwanza kwenye sindano, ingiza, vuta uzi upate vitanzi 3, vuta uzi kupitia 2, kisha kupitia 2 vilivyobaki.

Maelezo hayo yakishawekwa mwanzoni, majina mafupi yatatosha kwa safu zote zinazofuata. Kabla ya kuanza vazi, mfumaji na afume kipande kidogo cha majaribio, ahesabu na kupima. Kufumua safu 4 ni kazi ya dakika chache. Kufumua sweta nzima ni kupoteza wiki.