Hukumu ya kuuza Vespa iliyotumika kwa sharti la "kama ulivyoiona"

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake.

Tumeulizwa mas-ala ambayo hapa Unguja yanajirudia. Mtu wa Mji Mkongwe ana Vespa ya Kitaliana aliyoitunza vizuri kwa miaka mingi. Amepata mnunuzi kutoka Makunduchi, wakaijaribu asubuhi vichochoroni, ikaenda vizuri. Lakini gia ya tatu huruka injini ikishapata moto, na mwenyewe analijua hilo. Hakulisema. Alisema tu: "Nakuuzia kama ulivyoiona, ukishaondoka nayo usinirejee." Mnunuzi akaridhia, akalipa. Je, maneno hayo yamemwokoa muuzaji?

Kukihukumu kitu hutanguliwa na kukifahamu. Vespa ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera, Italia. Aliyeibuni ni mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, na jina lake maana yake ni nyigu. Haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bodi lake la bati la chuma ndilo hilo hilo chesisi. Kwa hivyo kutu iliyo chini ya zulia la kukanyagia si jambo la sura tu, inakula mfupa wa chombo. Na hewa yetu ya chumvi tunaijua.

Aibu katika bidhaa, kwa mujibu wa mafakihi wetu wa Kishafii, ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake kiasi cha kumkosesha mnunuzi kusudio lake la haki, ikiwa kwa kawaida kitu cha aina ile husalimika nacho. Rangi iliyofifia au kiti kilichochakaa katika chombo cha miaka thelathini si aibu, kwani mnunuzi alijua ananunua kikuukuu. Gia inayoruka ni aibu. Kutu iliyojazwa puti ikapakwa rangi ni aibu juu ya udanganyifu. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, hakukubali udhuru kwamba kilinyeshewa mvua, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, na akamkana mwenye kughushi.

Ama sharti la kujivua na aibu zote, wanazuoni wamekhitalifiana. Mahanafi wamelikubali. Kwa Mashafii, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakijua, kwamba kauli yenye nguvu ni kuwa muuzaji huepukana na aibu moja tu: ile ya ndani, iliyo katika mnyama, na ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama hula na kubadilika, na maradhi yake hujificha hata kwa mwenyewe. Vespa si mnyama. Kwa hiyo biashara ni sahihi, lakini sharti halimlindi muuzaji, hata kwa aibu asiyoijua, sembuse hii aliyoijua akainyamazia.

Asli yake ni kisa kilichomo katika Muwatta. Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo, mnunuzi akadai ana ugonjwa. Sayyidna Uthman (r.a.) akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua ugonjwa wowote. Akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa, kisha baadaye akamuuza kwa 1,500.

Wajibu haumhusu muuzaji peke yake. Imam Ahmad amepokea kwamba Wathila bin Al-Asqaa (r.a.) alimfuata mtu aliyekwisha nunua ngamia akamwambia kwato lake lina tundu. Muuzaji akalalamika kuwa anamharibia biashara, naye akamjibu kwa maneno ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayeijua aibu si halali kwake kuinyamazia. Basi dalali na fundi nao waisikie hii. Fundi aliyeifungua injini ile mwezi uliopita hawezi kusema "mimi simo".

Liko jambo jingine la Vespa. India nako zilitengenezwa za umbo hilo kwa leseni ya Piaggio, na Bajaj Chetak, iliyoanza mwaka 1972, ilitokana na Vespa. Wengi wetu huziita zote vespa. Mnunuzi akishurutisha iwe ya Italia, kisha ikadhihiri si ya Italia, ana khiyari ya kuirejesha. Muuzaji akibandika nembo ya Italia juu ya ya Kihindi, hiyo ni tadlisi, mfano wa kumfunga ngamia asikamwe ili kiwele kionekane kimejaa, na khiyari ipo hata bila ya sharti. Lakini aliyedhani mwenyewe tu, bila kuuliza wala kuhadaiwa, hana khiyari kwa kosa la dhana yake.

Turudi kwa mtu wa Makunduchi. Akiigundua gia, arejeshe papo hapo kwa kadiri ya ada. Hatakiwi kutoka usiku wala kukatiza sala au chakula chake. Akiendelea kuitumia kwa shughuli zake, haki yake imeanguka. Kuipanda ili kuirejesha mjini tunaona anasameheka, kwa kukisia na mnyama mgumu kuswagwa, kwani nani ataisukuma kutoka Makunduchi? Kama kabla ya kugundua aliwakodisha watalii, kodi ni yake, kwani aliyebeba dhamana ndiye mwenye manufaa.

Ikiwa imegongwa mikononi mwake kabla hajagundua, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea. Wasiposikilizana, hupewa arshi. Tuseme nzima ina thamani ya shilingi 2,000,000, na yenye aibu ile 1,600,000. Upungufu ni khumsi. Aliinunua kwa 1,800,000, basi atarejeshewa khumsi ya hiyo, yaani 360,000.

Mahakama zetu za Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na wakfu; kesi ya gia ya Vespa haifiki huko. Ndiyo maana tumeiandika kwa maimamu, kwani muuzaji huyu atamuuliza imamu wa msikiti wake, na jibu ni kwamba amwite mwenziwe leo amwambie, kisha mnunuzi achague kubaki nayo au kurejeshewa fedha zake.

Wallahu aalam.