Ufundi wa nyaya za umeme huanzia ardhini, si juu ya nguzo

KILA upepo mkali unapoangusha nguzo na kijiji kizima kulala gizani, umuhimu wa fundi wa nyaya za umeme hudhihirika kwa wote. Vijana humtazama akipanda, mkanda kiunoni na kofia ngumu kichwani, na wengi wao hutamani kuishika kazi hiyo.

Tamaa hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba wengi huingia kwa mlango usiofaa. Hujiunga na kikundi cha vibarua, huonyeshwa ngazi baada ya siku chache, kisha huagizwa kupanda kabla hawajafunzwa jinsi ya kuhakikisha kwamba waya ulio juu yao umezimwa.

Mlango ufaao upo, nao hupitia masomo, uanagenzi chini ya fundi mwenye idhini, na hatimaye leseni. Ni njia ndefu kidogo, lakini urefu wake una sababu. Katika kazi nyingine kosa la kwanza humfunza mwanagenzi. Katika kazi hii kosa la kwanza huenda likawa la mwisho.

Kazi yenyewe

Ni vyema kwanza kutofautisha fundi wa nyaya za nje na fundi wa kuweka stima nyumbani. Huyu wa pili hushughulikia swichi na balbu ndani ya jengo. Wa kwanza hushughulikia njia ambayo umeme hupitia kabla haujafika mlangoni kwa mteja.

Njia hiyo huanzia katika vituo vya uzalishaji kama vile vya mvuke huko Olkaria au mabwawa ya Turkwel na Masinga. Umeme husafirishwa kwa minara mirefu ya chuma ukiwa na nguvu ya volti 132,000, 220,000 au 400,000. Ukifika katika vituo vidogo hupunguzwa hadi volti 66,000, 33,000 au 11,000. Mwishowe, transfoma iliyo kwenye nguzo mtaani huupunguza tena hadi volti 415 kwa viwanda vidogo na volti 240 kwa nyumba za kawaida.

Wanagenzi wengi huanzia katika sehemu hiyo ya mwisho. Huko ndiko kunakochimbwa mashimo, kusimamishwa nguzo, kuvutwa nyaya, kubadilishwa fyuzi, kukatwa matawi yanayogusa laini na kuunganishwa wateja wapya.

Nafasi za kazi zimepanuka pamoja na mtandao wenyewe. Kampuni ya Kenya Power ilikuwa na wateja wapatao milioni 2.3 mwaka wa 2013. Kufikia mwaka wa 2023 idadi hiyo ilikuwa imepita milioni 9, hasa baada ya mradi wa kuunganishia umeme wananchi wanaoishi karibu na transfoma, ulioanza mwaka wa 2015. Kila laini iliyoongezwa inahitaji mtu wa kuitunza, kwani nguzo huoza, miti huota na radi hupiga.

Mwajiri si mmoja tu. Mbali na Kenya Power, kuna wanakandarasi wanaoifanyia kazi ya kujenga na kukarabati laini. Lipo pia shirika la REREC linalosambaza umeme mashambani, na kampuni ya KETRACO inayojenga laini za kusafirisha umeme mwingi. Serikali za kaunti nazo huhitaji mafundi wa taa za barabarani na zile taa ndefu za sokoni ambazo wananchi wameziita "mulika mwizi".

Masomo na vyeti

Anayemaliza kidato cha nne akiwa na alama ya C- katika mtihani wa KCSE anaweza kuomba kusomea stashahada ya uhandisi wa umeme. Mwenye D anaweza kusomea cheti cha ufundi. Aliyepata chini ya hapo hajafungiwa mlango, kwa kuwa kozi za ufundi wa ngazi ya chini humpokea, na akifaulu huweza kupanda daraja hadi stashahada.

Kozi hizi hutolewa katika vyuo anuwai vya kitaifa, vikiwemo vya Kisumu, Eldoret, Nyeri, Kabete, Sigalagala na kile cha Pwani mjini Mombasa, pamoja na vyuo vingi vya kiufundi katika maeneobunge. Kwa anayelenga nyaya za nje hasa, ipo taasisi ya mafunzo ya Kenya Power iliyoko Ruaraka, Nairobi, inayojulikana kama IESR. Wanafunzi wa vyuo vya umma vya kiufundi wanaweza kuomba mkopo kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB.

Kijana aliyejifunza kazi kwa mikono bila kuketi darasani naye ana njia yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huendesha mitihani ya ufundi ya gredi tatu. Mtahiniwa huanza na gredi ya III, huendelea hadi ya II, na kumalizia na ya I iliyo ya juu zaidi. Cheti hicho humwezesha mtu wa jua kali kuthibitisha ujuzi wake mbele ya mwajiri asiyemjua.

Baada ya vyeti kuna leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutoa leseni kwa mafundi wa umeme kwa madaraja, kuanzia C2 lililo la chini hadi A1 la juu. Kijana anayekusudia kupokea kandarasi kwa jina lake siku moja hana budi kuipanga safari hiyo mapema, kwa sababu elimu na tajiriba ndizo huzingatiwa katika kila daraja.

Hisabati na Fizikia ni masomo ya kuzingatiwa tangu shuleni. Aidha, macho yanayotofautisha rangi vizuri ni ya lazima, kwa vile nyaya nyingi hutambuliwa kwa rangi zake. Leseni ya kuendesha gari humwongezea mtu nafasi ya kuajiriwa, maana kikosi hakiendi popote bila dereva. Wanawake pia wamo katika kazi hii, nao hupanda nguzo zile zile na hupimwa kwa mizani ile ile ya umakini.

Miezi ya kwanza

Mwanagenzi aliyepata msimamizi mwema huenda akasikitika miezi ya mwanzo, kwani hupitisha muda mwingi akiwa chini. Huchimba, hubeba, hufunga kamba na kumpelekea fundi vifaa. Asidhani anadharauliwa. Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanzia.

Hujifunza kwamba nguzo huzikwa takriban sehemu moja ya sita ya urefu wake, na kwa hiyo nguzo ya mita 10 huhitaji shimo lisilopungua mita 1.6. Hujifunza kuigonga nguzo ya mti kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima hutoa mlio mkavu ulio wazi, ilhali iliyooza ndani hutoa mlio mzito wa kitu chenye uvungu. Kadhalika huchimbua udongo kidogo penye shina, kwa sababu uozo hupenda kujificha pale mti unapoingia ardhini. Fundi anayepanda nguzo iliyooza huanguka nayo hata kama waya hauna umeme wowote.

Hujifunza pia kutosimama chini ya mwenzake aliye juu, kutorusha kifaa bali kukipandisha kwa kamba, na kukagua glavu zake za mpira kila asubuhi kwa kuzijaza hewa na kuzikamua ili kuona kama zimetoboka. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho latosha kupitisha mauti.

Wengi hawajui jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo. Balbu ya kizamani ya wati 60 katika umeme wa volti 240 hutumia mkondo wa robo ampia, yaani miliampia 250. Mkondo wa miliampia 30 hivi ukipita kifuani huweza kuuvuruga moyo. Kwa hivyo umeme unaoiwasha balbu moja ni zaidi ya mara nane ya ule unaoweza kuhatarisha maisha ya mtu.

Laini iliyozimwa bado si salama

Kosa linaloua mafundi chipukizi ni kuamini kwamba laini iliyozimwa haina umeme. Mfano mmoja watosha kueleza.

Stima ikipotea mtaani, mwenye duka huwasha jenereta yake. Ikiwa hakuweka swichi ya kubadilishia inayotenga nyumba yake na laini ya nje, umeme wa jenereta hutoka nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayopunguza volti 11,000 hadi 240 huzipandisha volti 240 hadi 11,000 zinapoingilia upande wa pili. Fundi aliye kilomita kadhaa kutoka hapo, aliyehakikishiwa kwamba laini imezimwa kituoni, hushika waya uliofufuka.

Isitoshe, waya uliozimwa ukiwa sambamba na ulio hai huweza kuvuta nguvu za umeme kutoka kwa jirani yake bila kuguswa. Radi inayopiga mbali nayo huweza kusafiri hadi mahali pa kazi.

Ndiposa mafundi kote duniani hufuata hatua tano kabla ya kugusa waya. Kwanza, laini hutenganishwa na kila chanzo cha umeme. Pili, swichi hufungwa kwa kufuli na kuwekwa kibao cha onyo ili mtu mwingine asiiwashe. Tatu, waya hupimwa kwa chombo maalumu kuthibitisha kwamba hauna umeme, na chombo chenyewe hujaribiwa kabla na baada ya kupima. Nne, nyaya zote huunganishwa pamoja na kufungwa na ardhi katika pande zote za mahali pa kazi, ili umeme ukirejea ghafla ukimbilie ardhini badala ya kupitia mwilini. Tano, nyaya nyingine zilizo karibu na ambazo bado ni hai hufunikwa au kuwekewa mipaka.

Hatua ya nne ndiyo hurukwa zaidi na wenye haraka, kwani huchukua muda na huhitaji vifaa ambavyo baadhi ya wakandarasi hawapendi kununua. Mwanagenzi anaweza kumpima mwajiri wake kwa hatua hiyo moja. Kikosi kisichobeba nyaya za kufungia ardhini hakijajiandaa kumrudisha mtu nyumbani.

Haki ya kukataa

Kijana anayetafuta riziki huona haya kumkatalia mkubwa wake. Hata hivyo, sheria iko upande wake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiriwa kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu. Mwajiri naye haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa. Sheria hiyo pia inamzuia mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara ili kulipia vifaa vya kujikinga vinavyohitajika kisheria. Glavu, kofia na mkanda ni wajibu wa mwenye kazi.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka wa 2007, inamtambua mwanagenzi kuwa mwajiriwa. Akipata ulemavu wa kudumu unaomwondolea kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia yake ni mapato ya miezi 96. Ajali inapaswa kuripotiwa kwa mwajiri, naye mwajiri ana siku saba kuifikisha kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Haki hizi hupotea kwa urahisi pale ambapo jina la kibarua halimo katika daftari lolote. Kwa sababu hiyo, kuomba barua ya kuajiriwa, hata ya majuma mawili, si ubishi.

Wanafunzi walio katika mafunzo ya nyanjani nao wahakikishe kwamba chuo kimewakatia bima kabla ya siku ya kwanza.

Tahadhari nyingine inahusu pesa. Matangazo ya uongo ya ajira kwa jina la Kenya Power yamekuwa yakienea, na kampuni hiyo imewaonya wananchi mara kwa mara kwamba haitozi ada yoyote kwa anayeomba kazi. Anayedai "kitu kidogo" ili kumwingizia kijana jina hana kazi ya kumpa. Mzazi aliye tayari kuuza ng'ombe kumlipa tapeli heri aiweke pesa hiyo katika karo ya chuo.

Kwa kijana aliyeamua, basi, maswali ya kumuuliza mwajiri siku ya kwanza ni machache. Nani msimamizi wangu na ana idhini gani? Kibali cha kazi ya leo kiko wapi? Laini imepimwa na nani, na imefungwa na ardhi wapi? Jina langu limeandikwa wapi? Msimamizi anayeyajibu bila kukasirika ni mwalimu wa kufuatwa. Anayesema kwamba maswali ni ya waoga aachwe na nguzo zake.

Nguzo zitazidi kuwapo, na nafasi ya kuzipanda itafika kwa aliyejiandaa. Mwenda pole hajikwai.