Propela hukatwa mwisho

Ukitoa injini ya silinda nne kwenye Land Rover Defender na kuweka 1HZ ya Toyota, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, shida inayojitokeza kwanza ni nafasi. Injini ni ndefu, kwa hiyo giaboksi na transfa kesi husogea nyuma. Propela ya nyuma inazidi urefu, ya mbele haifiki. Hapo fundi mwenye haraka huchukua grenda. Aiweke chini kwanza.

Urefu ni hesabu nyepesi. Kinachoua krosi, kile kiungo cha kila ncha ya propela, ni pembe. Krosi ikizunguka huku imepinda haipeleki mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha upande wa pili mara mbili na kuuchelewesha mara mbili. Ikipinda nyuzi 10, mwendo hupanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5. Ikipinda nyuzi 30, ni karibu asilimia 15. Sasa chukua difu ya uwiano wa 4.1 na tairi za 7.50R16: kwa kilomita 100 kwa saa, propela inazunguka kama mara 2,700 kwa dakika, na kila mzunguko una misukosuko yake miwili. Ndiyo ile ngurumo abiria wa nyuma huisikia miguuni.

Krosi ya pili ipo ili kufuta kasoro ya ya kwanza, lakini haiwezi kama pembe za krosi hizo mbili hazilingani. Pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida, si juu ya jeki. Tuseme transfa kesi imeinama nyuzi 3 kuelekea nyuma, na kamba uliyoivuta hadi difu inaonyesha propela italala kwa nyuzi 8. Krosi ya mbele itapinda nyuzi 5. Basi pua ya difu itazame juu nyuzi 3, ili ya nyuma nayo ipate 5. Isipokubali, cheza na mauntingi kabla hazijachomelewa moja kwa moja. Wala usitafute sifuri: krosi iliyonyooka kabisa haizungushi vipini vya beringi zake, navyo hula chuma palepale vilipolala.

Pembe zikishakaa, ndipo upime urefu. Ekseli ikining'inia, meno ya sehemu inayoteleza yabaki yameshikana vya kutosha. Ikipanda hadi mwisho, yasigonge ndani, maana kishindo hicho huishia kwenye beringi za transfa kesi.

Kabla ya kukata, kwaruza mstari kwa msumari toka uma mmoja hadi mwingine. Chaki hufutika. Kwa kawaida uma hizo hukaa usawa mmoja, ila za propela ya mbele kwenye Defender unaweza kuzikuta zimepishwa makusudi tangu kiwandani, kwa sababu pembe za mbele hazilingani. Ukishabadili pembe, upishano huo nao uhesabiwe upya.

Kuunga bomba la propela ni kazi ya mkerezaji: alifunge kwenye mashine, alinyooshe, achomelee, kisha liende balansi. Mteja atalalamikia bei ya balansi, mwache alalamike. Bolti za flanji zikazwe tena baada ya safari ndefu ya kwanza, na grisi ipigwe hadi itokeze pande zote nne za krosi.