Viazi Karai: Futari ya Robo Saa

Jua linapoanza kuinamia magharibi, mitaa ya Mombasa huanza kunukia. Kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo na Kisauni, makarai hutengwa mekoni kando ya njia, na watoto watokao madrasa husimama kungoja viazi vya rangi ya manjano viopolewe, vipasuliwe na kumiminiwa ukwaju. Ni chakula cha njiani, lakini ni nyumba chache za Pwani ambazo hakiingii, hasa katika mwezi wa Ramadhani.

Makala haya ni ya mapishi, lakini zaidi ya hayo ni ya wakati ulio baina ya Alasiri na Magharibi. Katika nyumba zetu nyingi, mama huumaliza wakati huo akiwa amesimama mbele ya mafuta ya moto, naye amefunga kama wenziwe. Adhana humkuta mikono imejaa unga. Wengine washafungua kwa tende, yeye angali anaopoa. Dakika ambazo mfungaji hutarajia dua yake ipokewe humpita akihesabu viazi. Tunaamini lawama si ya viazi bali ya mpango wa kazi, na mpango hurekebishika.

Chakula cha bahari mbili

Jina la chakula hiki linaeleza safari yake. Karai ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na chombo chenyewe. Kiazi, ambacho wazee wetu wa Pwani hukiita mbatata, Wagujarati hukiita bateta na watu wa Mumbai hukiita batata. Majina hayo yana asili moja na neno la Kireno, kwani Wareno ndio wanaotajwa kukifikisha kiazi India kutoka Amerika.

Huko Mumbai kiazi huchemshwa, hupondwa na viungo, huviringwa, huvikwa unga wa dengu na kukaangwa. Kikitiwa ndani ya mkate huitwa vada pav, chakula ambacho wengi husimulia kwamba kilianza kuuzwa mwaka 1966 karibu na stesheni ya reli ya Dadar. Sisi wa Pwani tulikiacha kiazi kizima, tukakiandalia ukwaju na chatne ya nazi. Na ukwaju nao una kisa chake: Waarabu waliuita tende ya Hindi, ilhali mkwaju asili yake ni Afrika. Katika sahani moja, basi, kila upande wa bahari umeweka kitu chake.

Mahitaji ya watu sita

Kwa kuwa mpishi amefunga, vipimo ni bora kuliko kubahatisha.

Viazi: viazi vidogo vya mviringo 12, takriban kilo moja.

Unga wa kuvika: unga wa dengu kikombe 1, unga wa ngano vijiko 3 vya kula, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga nusu kijiko, chumvi kijiko 1 cha chai, kitunguu thomu punje 3 zilizopondwa, kotmiri iliyokatwa, kiasi cha kiganja, maji takriban robo tatu ya kikombe.

Ukwaju: ukwaju gramu 100, maji ya moto kikombe 1 na nusu, tende 4 zisizo na kokwa, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, iliyokaangwa kavu na kupondwa, chumvi na pilipili kidogo.

Chatne ya nazi: nusu ya nazi iliyokunwa, pilipili mbichi 2, thomu punje 1, kotmiri, maji ya ndimu 1, chumvi.

Mafuta ya kukaangia: vikombe 3, katika karai ndogo yenye kina.

Kazi ya mapema

Ukwaju ndio wa kwanza, nao unaweza kutangulia kwa siku kadhaa. Urowekeni pamoja na tende katika maji ya moto kwa dakika 20, uvurugeni kwa mkono, kisha muuchuje. Uchemsheni na viungo vyake kwa moto mdogo hadi uwe mzito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko. Ukipoa, utieni katika chupa safi iliyokauka. Ndani ya friji utakaa wiki nzima. Tende hutoa utamu wa kutosha, na sukari haihitajiki.

Viazi huchemshwa na maganda yake kwa dakika 20 hivi, mpaka kisu kiingie bila ya kiazi kupasuka. Viacheni vipoe, kisha vimenyeni. Hapa ndipo wengi huharakisha: kiazi chenye moto hutoa mvuke, na mvuke huubandua unga ndani ya mafuta. Kiazi kilichopoa na kufutwa maji huushika unga barabara. Mwenye friji anaweza kuvichemsha tangu asubuhi. Asiyekuwa nayo na avichemshe baada ya Adhuhuri, kwa sababu joto letu la Pwani haliviachi vikae sana.

Unga na viungo vikavu navyo vichanganyeni mapema katika bakuli moja, mvifunike. Chatne ya nazi peke yake ndiyo isiyongoja. Nazi huchacha upesi, basi isageni alasiri ya siku hiyo hiyo.

Robo saa ya mwisho

Washeni moto nusu saa kabla ya Magharibi. Mafuta yakipata moto, utieni unga wenu thomu na kotmiri, kisha maji kidogo kidogo, mkikoroga mpaka uwe mzito kama uji wa kunywa kwa kijiko. Dondosheni tone katika mafuta: likizama na kukaa chini, mafuta bado, likipanda juu mara moja likitoa mapovu, mafuta tayari.

Chovyeni viazi, vitieni sita kwa mara moja, vigeuzeni. Ndani vimekwisha kuiva, kwa hiyo ni unga tu unaokaangwa, nao hauhitaji zaidi ya dakika nne au tano. Viopoeni juu ya chujio, si juu ya karatasi ya gazeti yenye wino. Mikupuo miwili inatosha, na robo saa nzima inabaki kabla ya adhana.

Mafuta yaliyobaki yachujeni yakipoa. Mkiyaona yamekuwa meusi, yanatoa povu, au yanafuka moshi kabla ya wakati wake, hayafai tena kupikia. Mafuta yanayochomwa kila jioni mwezi mzima hudhuru mwili, na bei yake haiwi kisingizio cha kuwalisha watoto.

Wanaotaka sahani iliyo karibu zaidi na ile ya wauzaji wa Mumbai, na wavipasue viazi, wavimiminie ukwaju na chatne, waweke kachumbari ya kitunguu na nyanya, kisha wanyunyize chevda juu pale pale vinapopelekwa mezani, isije ikalainika.

Mikono mingi

Kazi ya mapema ni kazi ya kugawana. Kumenya viazi hakuhitaji ufundi. Kijana wa miaka kumi anaweza, na baba yake pia. Nazi inangoja mwenye nguvu za kukaa juu ya mbuzi. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Swala ulipofika akitoka kwenda kuswali. Nyumba inayofuata mwenendo huo haitamwacha mtu mmoja jikoni.

Wala hatusemi kwamba mama auzaye viazi kwenye kona asinunuliwe. Wengi wao wanasomesha watoto kwa karai hiyo, na yapo majuma ambayo fedha zetu zinastahili kwenda kwake. Tunachosema ni kwamba siku ambayo viazi vinapikwa nyumbani, aliyevipika naye awe ameketi jamvini pamoja na watoto wake, amenawa mikono, tende i kiganjani, akiomba dua yake kabla mwadhini hajaanza.