Mbao Zilizoteremka kwa Waya

Msomaji mmoja wa Mombo ameniuliza swali lililonifurahisha kupita kiasi. Wazee wa kwao husimulia kwamba enzi za Mjerumani mbao zilikuwa zikiteremka kutoka Shume kwa waya, zikipita juu ya makorongo hadi relini Mkumbara. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kiwanda chenyewe kilikuwa wapi hasa, maana kila mzee anaonyesha kwake?

Ni kweli. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikipasua mitarakwa (wengine huiita miangati) ya msitu wa Shume, mahali ilipopabatiza jina la Neu-Hornow. Kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig ikaijengea njia ya waya ya kama kilomita 9, yenye mteremko wa karibu mita 1,500 kutoka juu hadi chini. Mbao ya mtarakwa ni nyekundu, inanukia na inachongeka kwa urahisi, ndiyo maana Ulaya iliitaka kwa ajili ya penseli.

Pa kuanzia kukitafuta kiwanda hicho ni Upanga, Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Majalada ya Kijerumani yako pale, yamepewa herufi G, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mengine, yale ya wizara ya makoloni, yako Berlin. Usiende na majina ya leo. Lushoto humo ni Wilhelmstal, Mazinde ni Masinde, Shume ni Schume. Neu-Hornow ina mtego wake: ukiondoa hiyo “Neu” utapelekwa kwenye kijiji cha Hornow, mkoa wa Brandenburg, ambako hakuna mtarakwa hata mmoja. Halafu kuna mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi mpaka wafundishwe.

Jalada la ardhi litakupa mwenye kiwanja, ukubwa wake na mipaka yake, na mipaka hiyo mara nyingi ni kijito na mgongo wa kilima. Ramani kubwa ya koloni, ile ya Paul Sprigade na Max Moisel, ilichorwa kwa kipimo cha 1:300,000. Milimita moja kwenye karatasi ni mita 300 ardhini. Nukta ya nusu milimita, yaani ncha ya penseli iliyochongwa vizuri, inafunika mita 150, na ndani ya mita 150 za Shume unaweza kuficha viwanda viwili na kanisa. Ramani itakufikisha kijijini, lakini shambani haikufikishi.

Ila mwenye njia ya waya alikuwa na mchoro mwingine, na huo ndio unaonikosesha usingizi. Huwezi kujenga njia ya namna hii bila kuchora kwanza mlima uliopasuliwa kwa kisu kutoka juu hadi chini, ukitazamwa kwa ubavu: umbali mlalo, kimo wima, kila mnara mahali pake. Mafundi wa ujenzi huita mchoro wa aina hiyo mkato, basi nami nauita mkato. Neno “wasifu” ambalo baadhi ya watafsiri wamelileta silitaki. Wasifu ni wa marehemu na waombaji kazi.

Sasa tazama uzuri wake. Barabara huzunguka kilima, reli hukwepa mteremko, lakini waya uliokazwa hutaka kunyooka. Kuukunja kunadai kituo cha kona, na kituo cha kona ni gharama. Kwa hiyo mhandisi wa waya hakwepi kitu. Anapanda mgongo, anaruka korongo, anagusa mgongo wa pili, na mkato wake unayaandika yote hayo kama meno ya ufunguo.

Na ufunguo ndio hasa. Ukiupata mkato huo umeokota ufunguo, hujui ni wa mlango gani, lakini unajua mtaa. Kufuli ni safu ya Usambara yenyewe, na haijabadilishwa tangu fundi alipouchonga ufunguo. Tunajua pia ncha moja inapoingia, kwa sababu stesheni ya Mkumbara inajulikana. Kilichobaki ni kuuzungusha. Unachukua vipimo vya kimo cha ardhi vilivyokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambavyo kila mtu anaweza kuvipata bure, na vina kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Kutoka Mkumbara unapiga mstari wa kilomita 9 kuelekea mlimani, unausomea vimo vyake, unavilinganisha na meno ya mkato. Haviendani? Sogeza mstari nyuzi moja, jaribu tena. Mwisho wa kilomita 9, nyuzi moja ni mita 157, kwa hiyo ukikaribia unapunguza hatua hadi robo ya nyuzi. Mistari mingi itaingia kidogo na kugoma: mgongo wa kwanza umekubali, korongo la pili limekataa. Mmoja utazunguka. Ncha yake ya juu ni kituo cha kupakilia, na kiwanda hakiwezi kuwa mbali nacho, kwani gogo zima ni mzigo wa maganda na mabanzi yasiyouzika na hakuna aliyetaka kuyatundika kwenye waya.

Ufunguo usio na meno hufungua kila kitu, yaani haufungui chochote. Ndiyo maana kipande cha tambarare karibu na reli hakisaidii, na ndiyo maana mbinu hii haifai kwa kiwanda kilichotegemea reli ndogo bondeni, kama vile ile ya Sigi upande wa Amani, iliyojipinda na mto. Usambara Magharibi, pamoja na ukuta wake uliochanikachanika, ni kufuli la kupendeza.

Vikwazo vipo: karatasi ya zamani hunywea, rada husoma vilele vya miti badala ya udongo, na pengine kituo cha kona kipo na mkato unavunjika vipande viwili. Yote hayo yanarekebishika.

Ukishapata ncha ya juu, funga kompyuta upande mlimani. Tafuta msingi wa zege wenye boliti nene zilizosimama wima, kwa sababu mashine ya kuvuta na kushikilia waya lazima ifungwe chini. Tafuta udongo mweusi mwepesi usiofanana na wa shamba la jirani, huenda ni unga wa mbao uliooza. Na hapo warudie wale wazee. Majalada yanamjua mwenye mtaji na namba ya kiwanja chake, lakini kambi ya wakata miti, njia ya kuburuta magogo, kisima walichochota maji, hayo hayakuandikwa. Inawezekana kabisa kwamba kila mzee anaonyesha kwake kwa sababu mmoja anaonyesha kiwanda, mwingine kambi, mwingine kituo cha waya. Muulize kila mmoja babu yake alifanya kazi gani pale, kisha ndipo umuulize wapi.